Pikapu ya Mtumba katika Afrika Mashariki: Historia ya Faida na Hasara Zake

Pikapu ya ukubwa wa kati ni gari lenye kabini mbele na bodi ya wazi nyuma, vyote viwili vikiwa vimefungwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, ekseli na mzigo, na kwa kawaida hukadiriwa kuchukua takribani tani moja. Katika Afrika Mashariki ni watu wachache waliowahi kuinunua ikiwa mpya. Wakulima, wachuuzi wa mazao, wakandarasi wadogo, parokia na shule wameipata baada ya mwingine kuitumia, mara nyingi baada ya wengine wawili au watatu, na kwa sababu hiyo kupima faida na hasara za pikapu iliyotumika kumekuwa sehemu ya maisha ya kibiashara ya eneo hili kwa karibu vizazi viwili. Mambo yanayopimwa katika ununuzi huo, ambayo ni bei, umri, aina ya injini, upatikanaji wa spea na ushuru, huzungumzwa kana kwamba ni sifa za gari lenyewe, ilhali mengi yalipangwa mbali na mnunuzi: katika kanuni za hewa za Tokyo, katika bajeti za Dar es Salaam na Nairobi, na katika uamuzi wa viwanda kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Biashara ya mitambo iliyotumika ilianza Tanganyika kwa hasara kubwa, na hasara hiyo haikuwa ya raia bali ya serikali ya Uingereza. Mradi wa karanga uliofunguliwa Kongwa mwaka 1947, ambao Uingereza iliutegemea kuipatia mafuta ya kupikia baada ya vita, uliletewa matrekta na mabuldoza ya jeshi yaliyosalia Ufilipino, kwa kuwa mashine mpya hazikuwa zikipatikana kwa wingi uliohitajika. Mengi yaliharibika muda mfupi baada ya kuanza kazi katika udongo mgumu wa Ugogo, mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache, na vipuri vilikuwa mbali. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kuteketeza karibu pauni milioni 36. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, ukame ukiwa miongoni mwazo, lakini kisa cha mashine hizo kilionyesha mapema jambo ambalo kila mnunuzi wa baadaye alilijua: kifaa kilichotumika hakiwi rahisi kwa sababu bei yake ni ndogo, iwapo hakuna fundi na spea karibu nacho.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kazi za mashamba na za serikali zilifanywa zaidi na Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948, ambayo toleo lake la bodi ya wazi lilitangulia kuitwa pikapu katika wilaya nyingi. Baadaye ikaja Peugeot 404, gari la Kifaransa lililojijengea jina katika mashindano ya magari ya Safari, ambayo lilishinda mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966; ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakiishi Tanzania. Umaarufu huo uliihusu saluni, lakini uliuza pikapu pia, na pikapu ya 404 ikawa gari la sokoni na la abiria katika barabara za vumbi za Kenya, ambako uunganishaji wa 404 uliendelea hadi mwaka 1991, baada ya Ulaya kuacha kuitengeneza. Pikapu za Kijapani ziliingia taratibu kando yake. Datsun ilishinda Safari mwaka 1970, na Toyota Hilux, ambayo kizazi chake cha kwanza kilitengenezwa na kampuni ya Hino kuanzia Machi 1968, haikuwa na sifa yoyote ya pekee mwanzoni. Ilikuwa gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya nyuma, na toleo la kuvutwa na magurudumu yote manne halikuja mpaka mwaka 1979.

Hatima ya pikapu hizo ilitofautiana kati ya Kenya na Tanzania. Kenya ilichagua kuunganisha magari nchini kutoka kwa vipande vilivyoletwa vikiwa vimetenganishwa, na katika miaka ya 1970 viwanda vya kazi hiyo vilijengwa Thika, Mombasa na Nairobi. Kiwanda cha Nairobi, kilichoanzishwa na General Motors mwaka 1975, kiliunganisha magari ya Isuzu na ndicho kilichokuja kuwa mali ya Isuzu mwaka 2017. Aliyetaka pikapu Kenya katika miaka hiyo alinunua iliyounganishwa humo humo au alisubiri ya jirani yake ichoke. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliweka biashara ya nje mikononi mwa mashirika ya umma, na kuingiza gari kukawa jambo la kibali, kasma ya fedha za kigeni na subira. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza akiba ya fedha hizo, hata ikafika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika hali hiyo pikapu iliyotumika haikushuka thamani kwa kadiri ya umri, kama wahasibu wanavyofundisha. Mwenye gari linalotembea hakuliachia, na aliyeliachia aliliuza kwa bei iliyofanana na ya jipya ambalo halikuwapo.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984. Serikali ya Tanzania iliruhusu watu wenye fedha za kigeni walizonazo wenyewe kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa fedha hizo walizipataje, na utaratibu huo ulikuja mwaka mmoja tu baada ya msako wa wahujumu uchumi, ambao ulikuwa umewatia ndani watu kwa kukutwa na bidhaa ambazo sasa ziliruhusiwa kuingia kwa meli. Pikapu zilichukua nafasi ya mbele katika uagizaji huo kwa sababu iliyo wazi: zilikuwa chombo cha uzalishaji, zilijilipa kwa kubeba mizigo na watu, na zingeweza kuuzwa tena siku yoyote. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985 na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini mwaka uliofuata, mkondo huo ukapanuka. Dubai, ambayo wafanyabiashara wa Zanzibar na wa mwambao walikuwa na njia nayo tangu zamani za majahazi, ikawa kituo cha kati ambako magari ya Japani yenye usukani wa kulia yalikusanywa na kuuzwa upya, na mwaka 2000 Dubai ilianzisha hata eneo huru maalumu kwa biashara hiyo.

Pikapu za wakati huo zinakumbukwa Dar es Salaam kwa kazi ambayo hazikuundwa kuifanya. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, halikuwa na mabasi ya kutosha, na kuanzia 1983 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria, hivyo pikapu na vilori vidogo vikafungwa paa na mabenchi mawili ya mbao, moja kila upande, abiria wakikaa wakitazamana na magoti yakigusana, huku kondakta akining'inia kwenye ngazi ya nyuma. Magari hayo yaliitwa chai maharage. Kwa mwenye gari yalikuwa neema. Kwa chesisi yalikuwa mateso, kwa kuwa watu ishirini na mizigo yao walikuwa wakipanda chombo cha tani moja tangu alfajiri hadi usiku, nacho kikitumbukia katika mashimo ambayo hayakuzibwa kwa miaka. Mabasi madogo ya Hiace yalipoyaondoa barabarani, mengi hayakufa. Yaling'olewa mabenchi, yakapakwa rangi na kuuzwa mikoani kama pikapu za mizigo, na wanunuzi wake wakarithi fremu zilizokwisha kupinda.

Kenya ilikuwa na mkondo wake wa namna hiyo tangu mwaka 1973, Jomo Kenyatta alipoyaruhusu matatu kufanya kazi bila leseni za usafiri zilizokuwa zikihitajika, na pikapu zilizofunikwa nyuma zikawa sehemu kubwa ya matatu ya vijijini. Mabadiliko ya soko lenyewe yalikuja baadaye, mwaka 1993, udhibiti wa fedha za kigeni na leseni za uagizaji ulipoondolewa. Magari yaliyotumika ya Japani yaliingia kupitia Mombasa kwa wingi ambao viwanda vya kuunganisha havikuweza kushindana nao.

Swali la kwa nini Japani ilikuwa tayari kuuza magari mazima kwa bei ndogo linajibika kwa kuangalia sheria zake. Kila gari huko hupita ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, ambao kwa gari dogo la abiria hufanyika baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miaka miwili, lakini kwa magari ya mizigo, pikapu ikiwamo, hurudiwa kila mwaka baada ya ule wa kwanza. Gharama za ukaguzi, kodi na matengenezo yanayodaiwa kabla ya cheti kutolewa humfanya mmiliki aone nafuu kuliuza gari lingali na nguvu. Juu ya hayo ikaja sheria ya 1992 ya kupunguza oksidi za nitrojeni katika hewa ya miji mikubwa, iliyokazwa mwaka 2001 kwa kuongezwa chembechembe za masizi, na Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikayazuia magari ya dizeli ya biashara yasiyokidhi viwango vyake kuingia humo. Pikapu ya dizeli iliyokuwa bado nzuri kwa shamba la Mbozi au Kitale iligeuka mzigo kwa mwenyewe wa Kijapani, na unafuu alioupata mnunuzi wa Afrika Mashariki katika miaka hiyo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, moshi ambao watu wa Tokyo hawakutaka kuuvuta. Ni haki kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa moshi huo haukwisha; ulihamia Mwenge jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba mkondo huo wa Japani ulikatika kwa pikapu wakati ulipokuwa ukiendelea kwa saluni. Mwaka 2004 Toyota ilianzisha familia mpya ya Hilux iliyokusudiwa kutengenezwa nje ya Japani, hasa Thailand, na kuuzwa dunia nzima, na mwaka huo huo ikaacha kuiuza Hilux katika soko la Japani lenyewe. Hivyo Vigo, kama kizazi hicho kilivyojulikana kwa jina lake la Thailand, hakikuwahi kupita mikononi mwa mwenyewe wa Kijapani. Kilichoitwa Hilux ya Japani sokoni kilibaki kuwa kizazi cha mwaka 1988 au cha 1997, kikizeeka kila mwaka, wakati zile mpya zaidi zililetwa zimetumika kutoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini, nchi zinazotumia usukani wa kulia. Mnunuzi anayelipa zaidi kwa kuamini kwamba Hilux yake ya mwaka 2010 imetoka Japani amelipia asili ambayo kiwanda chenyewe kinaikanusha.

Asili ina maana kubwa kwa sababu ya kutu. Gari la Japani lililotumika kaskazini, kwenye theluji, huendeshwa juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na la Uingereza halikadhalika. Chumvi hiyo hukaa ndani ya mbavu za chesisi ambako rangi ya nje haifiki. La Thailand kwa kawaida huwa safi chini, lakini limefanya kazi, kwani Thailand ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pikapu duniani na watu wake huzitumia kwa mizigo kama zinavyotumika Iringa au Eldoret. Minada ya Japani huambatanisha kila gari na karatasi ya ukaguzi yenye alama, na herufi R ndani yake huonyesha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa upya; karatasi hiyo ni kinga nzuri, alimradi mnunuzi aione ile ya asili, maana dalali huweza kumwonyesha mteja picha za rangi na kuisahau karatasi.

Faida kubwa kuliko zote za pikapu kuukuu katika eneo hili haimo ndani ya gari. Imo Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na katika soko la Kisekka jijini Kampala, ambako miaka thelathini na zaidi ya kuingiza aina chache zilezile za magari imezaa ujuzi na shehena ya spea. Fundi wa mji mdogo kama Namanyere au Maralal anaweza kuifungua injini ya Hilux ya 2L, 3L au 5L, zote zikiwa dizeli za ujazo wa kati ya lita 2.4 na 3, bila kitabu wala kompyuta, kwa kuwa pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu ya injini yenyewe na nozeli hufunguka kwa shinikizo tu. Anachouliza kwanza ni lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa, kwa sababu ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini huhitaji kufunguliwa yote. Ujuzi huo ni mtaji wa umma ambao haukupangwa na wizara yoyote, na ndio unaoeleza kwa nini pikapu ya aina isiyozoeleka, hata ikiwa changa na ya bei ya chini, hukaa sokoni miezi bila mteja. Hapo soko lina busara kuliko matangazo.

Injini mpya zaidi zimeubadili mzani huo. Tangu kizazi cha 2004, dizeli nyingi za Hilux hutumia mfumo ambamo mafuta huwekwa katika bomba moja la shinikizo kubwa sana na kugawiwa na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme, jambo linaloongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, lakini nozeli hizo haziwezi kuvumilia uchafu. Katika miaka ya 2000 dizeli ya Tanzania ilikuwa ikichakachuliwa, yaani kuchanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo, hata EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kutia alama maalumu katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa kishawishi. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Pikapu iliyofanya kazi kabla ya mabadiliko hayo yumkini ilinyweshwa mafuta machafu, na seti ya nozeli mpya huweza kula sehemu kubwa ya akiba iliyopatikana kwa kununua gari kuukuu.

Hasara ya pili ni ya asili ya kazi. Saluni iliyotumika ilibeba familia. Pikapu iliyotumika ilibeba chochote, na hakuna kifaa kwenye dashibodi kinachohesabu uzito. Mfano ulio wazi ni biashara ya miraa ya Kenya. Miraa, yaani mirungi, huvunwa katika vilima vya Nyambene, hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na kwa kuwa hupoteza ladha na bei ndani ya siku mbili hivi, Hilux zilizosheheni magunia ziliikimbiza kutoka Maua hadi Nairobi, zikiwahi ndege za uwanja wa Wilson ziendazo Somalia, kwa mwendo uliozifanya ziogopwe barabarani. Gari kama hilo likiuzwa huwa limeoshwa na kung'aa, lakini dalili hubaki: nyufa nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi, alama za kuchomelea zilizofunikwa kwa rangi nyeusi, springi zilizoongezwa vyuma ili zihimili mzigo kupita kiasi, na bodi isiyokaa sambamba na kabini. Mkaguzi makini huanza chini, akiwa na tochi na nyundo ndogo, hulinganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye fremu na ile ya kwenye kadi ya gari, na hufungua boneti mwishoni.

Kando ya soko la bandarini kuna chemchemi nyingine ya pikapu, hasa zenye kabini mbili, ambazo wengi huziita dabo kabini. Miradi ya wafadhili na ofisi za serikali ilizinunua mpya kwa wingi tangu miaka ya 1990, na muda wa mradi ukiisha huuzwa kwa mnada. Nchini Tanzania magari ya miradi hutambulika kwa namba zinazoanza na DFP, na rekodi zake za matengenezo mara nyingi ni kamili kuliko za gari lolote la mtu binafsi. Upande wa pili, yameendeshwa na madereva wengi ambao hakuna kati yao aliyeumwa na gharama ya shokapu, katika wilaya ambazo zina barabara mbaya kuliko zote, kwa sababu huko ndiko miradi hupelekwa.

Umri nao hupotosha. Watanzania hupima ujana wa gari kwa herufi ya namba ya usajili, wakisema gari ni namba C au namba D, na Kenya hufanya hivyo hivyo kwa mfululizo wa KAA ulioanza 1989, KBA wa 2007 na KDA wa 2020. Herufi hizo huonyesha mwaka ambao gari liliandikishwa nchini, na gari la 1996 lililoandikishwa 2014 hubeba herufi changa juu ya chuma kizee. Sheria zenyewe zimelishughulikia suala la umri kwa njia tofauti: Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane kuingia, Uganda iliweka kikomo cha miaka kumi na mitano mwaka 2018, na Tanzania huliacha liingie lakini hulitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Tangu Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, vitabu vya ushuru pia hutenganisha gari la mizigo, lililo katika kifungu cha 8704, na gari la abiria la 8703, na pikapu imekuwa ikinufaika kwa kuhesabiwa upande wa mizigo, hata ile ya kabini mbili inayobeba watu watano na mkoba wa ofisi.

Kwa mnunuzi wa leo matokeo ya historia hii ni mahususi kabisa. Toyota ilirudisha Hilux katika soko la Japani Septemba 2017, ikiletwa kutoka Thailand, na kwa kabini mbili tu. Kwa hiyo mkulima wa Kenya anayetaka Hilux ya kabini moja, iliyotumika na iliyo ndani ya kikomo cha miaka minane, hataipata Japani kwa bei yoyote. Ataitafuta Thailand au Afrika Kusini, au atanunua iliyokwisha kutumika nchini, na katika hali zote tatu fedha ya kumlipa fundi alale chini ya gari kabla ya malipo ndiyo ndogo kuliko zote atakazotoa.